Bibury na zile nyumba za mawe kando ya mto: zilijengwa kwa kazi gani, na mtu mzima mwenye shida ya magoti ataweza kutembea?

NuruReading

Wakuu habari za jumapili, naombeni msaada hapa maana kila nikitafuta mtandaoni naletewa picha na bei za hoteli tu.

Mama yangu anakuja Uingereza mwezi wa sita, mara yake ya kwanza, na London kashasema hana haja nayo sana, kwake mji ni mji tu. Anachotaka ni kijiji, aone watu wa huku wanaishije. Nikamtumia picha ya Bibury kule Gloucestershire, ile safu ya nyumba za mawe inaitwa Arlington Row, imekaa pembeni ya kijito cha maji meupe kabisa, nasikia hata pasipoti ya Uingereza iliwahi kubeba picha ya hapo ndani ya jalada. Sasa mama kaikuza kwenye simu yake mpaka mwisho na maswali yakaanza: mbona milango mifupi hivi, mbona paa linapanda na kushuka kama limechoka, hawa walikuwa matajiri au masikini, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyebomoa akasimamisha ghorofa. Mi nilibaki nacheka tu, sina jibu hata moja.

Kwa hiyo naomba kwa anayejua, hizo nyumba zilikuwa za nini hasa, watu wanaishi mle au ni maonyesho, mtu anaruhusiwa kuingia ndani, na je ni safari ya kumpeleka mama wa miaka 67 ambaye goti moja linamsumbua? Niko Reading, sina gari ila naweza kukodi. Natanguliza shukrani.

---

DerevaM4

Dada Nuru karibu, hiyo njia naijua vizuri, wateja wangu wa Swindon wikiendi za kiangazi ni huko huko.

Kwanza treni haifiki Bibury, hilo weka kichwani. Stesheni ya karibu ni Kemble au ushuke Swindon, kutoka hapo ni gari. Basi la kutoka Cirencester lipo lakini ni machache, likikupita umekwisha, kwa hiyo na mama mzazi mi nakushauri kodi gari. Kutoka Reading unashika M4 mpaka Swindon, unapanda A419 hadi Cirencester, halafu B4425, ni kama maili 7 tu toka Cirencester unaingia kijijini, barabara yenyewe inapita sambamba na mto Coln kwa hiyo mto utauona kabla hujauliza.

Pili, MUDA. Kijiji kina watu mia sita na kitu hivi, parokia nzima hiyo, lakini jumamosi ya jua saa tano asubuhi utadhani uko Oxford Street. Ilifika mahali mabasi makubwa ya watalii yanabanana pale kwenye daraja mpaka gari la wagonjwa lingepita kwa shida, na ndo maana mwaka 2025 halmashauri ya Gloucestershire ikaanza kwa majaribio kuyaondolea maegesho yale ya katikati. Sasa hivi ni afadhali ila bado, we nenda siku ya kazi, fika saa mbili unusu au saa tatu asubuhi, utakaa na mto peke yenu.

Kuhusu goti: kutoka barabarani unavuka kidaraja kidogo cha mawe cha waenda kwa miguu, unafuata njia ya tambarare pembeni ya maji na nyumba zinakuwa mbele yako. Mbali si mbali, ila usimpeleke zaidi ya nyumba ya mwisho, pale njia inapinda kuanza kilima kinachoitwa Awkward Hill na jina hilo hawakukosea. Kile kidaraja nacho ukuta wake wa pembeni ni mfupi, mshike mkono.

Na kuingia ndani HAPANA. Mle wanaishi wapangaji wa National Trust, lile shirika la kutunza majengo na maeneo ya urithi, kuna nyumba moja tu wanaikodisha kwa wageni wa kulala. Nishaona jamaa kabandika uso kwenye dirisha na simu mkononi anapiga picha, ndani mwenye nyumba kashika kikombe cha chai wanaangaliana. Aibu niliona mimi niliyemleta.

---

MsomajiMkimya

Maswali ya mama ni mazuri kuliko ya watalii wengi. Ngoja nijibu la matajiri au masikini maana ndipo utamu wote ulipo.

Ile safu haikujengwa kama nyumba. Lilikuwa ghala moja refu la sufu, inakadiriwa mwaka 1380, mali ya watawa. Enzi hizo Uingereza utajiri wake ulikuwa mgongoni kwa kondoo, hasa milima hii ya Cotswolds, wafanyabiashara wa Flanders na Italia walikuwa wanakuja kununua sufu ya huku. Mpaka leo kule bungeni, spika wa House of Lords anakalia kiti kilichojazwa sufu, ni kumbukumbu ya pesa hiyo hiyo. Kanisa la Bibury lenyewe lilikuwa chini ya abasia ya Osney ya Oxford, kwa hiyo ukisikia watawa na kondoo kwenye sentensi moja usishangae, nyumba za watawa zilikuwa kama kampuni kubwa za wakati huo.

Halafu miaka ya 1530 Henry VIII akazivunja nyumba za watawa zote akachukua mali, na karne ya 17 lile ghala likakatwakatwa vyumba wakawekwa wafumaji. Hapo ndo unapata jibu la paa kupanda na kushuka: jengo halikuwa na ghorofa, wao wakaingiza sakafu katikati ili kila familia ipate chumba cha juu, kile chumba kikaingia ndani ya paa lenyewe, ikabidi watoboe paa waweke vidirisha, kila mmoja kwa kimo chake. Kwa hiyo mwambie mama, jengo la tajiri, wakazi masikini.

Kazi ilikuwa hivi. Mfumaji anafuma nyumbani kwake mle, nguo ikitoka kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, ina mafuta ya kondoo na ni legelege haivaliki. Inapelekwa Arlington Mill, kinu cha maji kiko pale pale mwanzoni, dakika chache kwa mguu. Kwenye kinu nguo inalowekwa inapondwapondwa na nyundo za mbao zinazosukumwa na gurudumu la maji, wanatia udongo fulani wa kunyonya mafuta, nyuzi zinashikana inakuwa nzito. Halafu inarudi ikiwa imelowa, na lazima ikauke ikiwa imevutwa pande zote isije ikajikunja. Sasa angalieni ile picha tena, mbele ya nyumba kuna kiuwanja cha majani kimezungukwa na maji, kinaitwa Rack Isle. Wengi wanadhani ni bustani. Pale ndipo palipokuwa na fremu za mbao za kuanikia nguo! Leo ni kinamasi cha ndege, National Trust wanakiacha kiote.

Kwa hiyo mnachokipiga picha ni kiwanda. Ghala, wafanyakazi, mashine na uwanja wa kuanikia, vyote mtu anaviona akisimama sehemu moja. Mi ndo maana napapenda, siyo kwa sababu ya maua mlangoni.

Kuna wabishi watakwambia Arlington Row haiko Bibury, iko Arlington ng'ambo ya pili ya mto. Wako sawa, ila usibishane nao, hutamaliza leo.

---

Bishoo_78

Mi naona mnapakuza sana pale. Nimeenda na familia, tumekaa kwenye foleni ya magari, tumepiga picha pale pale wanapopiga wote, watoto wakaangalia bata, nusu saa tumemaliza tukawa tunatazamana. Hakuna cha kuingia hata kimoja. Kile kinu mnachokisifia siku hizi ni makazi ya mtu. Wenyeji unawaona nyuso zao wamechoka na wageni, na hawajakosea.

Alafu hii stori ya William Morris, yule msanii na mwandishi wa Kiingereza, kwamba alisema ni kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza, imebandikwa kila mahali, jamaa kafa 1896, angekiona leo angerudi zake nyumbani.

Kama mama anataka KIJIJI mpeleke Lacock, Wiltshire. Ni karibu na M4 pia, unatokea Chippenham. Mto upo, Avon. Nyumba zipo za mbao na udongo, za mawe, za matofali, karne kibao zimechanganyikana mtaa mmoja, baa ipo, shule ipo, ghala la karne ya 14 lile walilokuwa wanakusanyia fungu la kumi lipo unaingia bure unaangalia mbao za paa. Na kuna abasia kabisa, ilianzishwa 1232 na mwanamke, Ela wa Salisbury, unalipa kiingilio unazunguka ndani ya vyumba. Kijiji karibu chote ni cha National Trust tangu 1944, mama mmoja wa ukoo wa Talbot aliyekirithi akawapa. Nyaya za umeme huzioni juu. Tena ni tambarare.

---

FundiChokaa

Bishoo Lacock uko sahihi, ila usimharibie Nuru, Bibury nayo ina yake. Mi ni mwashi, kampuni niliyopo inafanya majengo ya zamani tu maeneo haya ya Gloucestershire na Oxfordshire, acha niseme kuhusu mawe maana hamjagusa.

Jiwe la Cotswolds ni chokaa mawe, lilijengeka chini ya bahari ya joto enzi za Jurassic. Ukilishika karibu unaona limejaa vidonge vidogo vidogo kama mayai ya samaki, na ile rangi ya manjano ni chuma kilichomo kimeshika kutu. Likitoka ardhini ni laini unalichonga kwa patasi bila kutukana, likikaa kwenye hewa linakomaa. Ndo maana kijiji kizima kina rangi moja, hawakukaa kikao wakachagua rangi, walichimba jiwe lililo chini ya miguu yao kwa sababu kulibeba na mkokoteni maili ishirini ni hasara.

Sasa mwambie mama akifika asiangalie milango, aangalie PAA. Vile vigae ni mawe, siyo udongo. Na havilingani. Chini kabisa ukingoni kuna mapande makubwa mtu mzima analibeba moja kwa mikono miwili, na kadiri unavyopanda yanapungua, mpaka kule kileleni unakuta vipande kama kiganja. Kila kigae kina tundu moja juu, kinachomekwa kigingi cha mti wa mwaloni, kinaning'inia kwenye papi. Tukivua paa la namna hiyo tunapanga vigae chini kwa safu kulingana na urefu, tuna fimbo yenye alama ya kupimia, na ukichanganya hapo siku nzima imeenda maana juu hakitakaa. Paa lazima liwe kali, kwenye digrii 50 hivi, sababu jiwe linanyonya maji, likilala sana mvua inaingia. Na pale mapaa mawili yanapokutana hakuna bati la risasi wala nini, mafundi walivizungusha vigae vyenyewe kwenye kona, ile kona ndo mtihani, ukiiona imekaa vizuri ujue fundi alikuwa fundi.

Mawe ya paa walikuwa wanapasuliwa na baridi yenyewe. Kule Stonesfield, Oxfordshire walikuwa wanachimba, wanaliacha jiwe nje na unyevu wake, wanasubiri usiku wa barafu. Maji ndani ya jiwe yakiganda yanalifungua kwenye mistari yake. Mwaka usipokuwa na baridi kali hakuna vigae. Machimbo yale yalikufa mwanzoni mwa karne ya 20 ndo maana leo vigae vya zamani vinaibwa mapaani usiku, sio utani.

Kuta zake ni nene na katikati zimejazwa vifusi na chokaa, hakuna saruji. Waliokulia karibu na Mji Mkongwe wanajua ninachosema, ukuta wa chokaa unapumua. Shida ni kwamba miaka ya nyuma mafundi wengi walipita wakaziba viungo kwa saruji wakidhani wanaimarisha. Saruji haipitishi maji, unyevu unakwama nyuma ya jiwe, baridi inakuja unaganda, uso wa jiwe unabanduka wote na saruji inabaki imesimama yenyewe imetokeza. Kazi yangu nusu ni kukwangua hiyo saruji taratibu na patasi nyembamba, halafu tunarudishia chokaa, tunafunika na gunia lililoloweshwa, maana jua likiipiga inakauka haraka inakuwa unga, na baridi ikiipata kabla haijashika nayo inakufa. Chini ya digrii 5 hatupaki. Mwezi wa kumi na mbili mimi nakaa ndani nachonga.

Milango mifupi: watu hawakuwa wafupi kihivyo. Moto ulikuwa mmoja kwa nyumba nzima na kuni ni pesa, mlango mkubwa unatoa joto. Dirisha pia, kioo kilikuwa ghali.

---

NuruReading

Jamani nimesoma yote mara mbili, FundiChokaa nimemsomea mama kwa simu ile ya paa kanyamaza kabisa halafu kasema "basi huyo baba aje anitembeze", nikamwambia mama huyo ni mtu wa mtandaoni hata simjui 😂

Ila bado swali lake la mwisho. Kwa nini hakuna aliyebomoa? Miaka mia sita hii, vita vimepita, reli imepita, viwanda vimepita.

---

MsomajiMkimya

Kwa sababu pesa iliondoka.

Biashara ya kufuma ilihamia kwenye mabonde ya Stroud yenye maji ya kasi, na baadaye Yorkshire ambako kulikuwa na makaa ya mawe na mashine za mvuke. Mto Coln ni mtulivu sana, hauwezi kusukuma kiwanda kikubwa. Reli nayo haikupita Bibury. Sasa kijiji ambacho hakina kiwanda, hakina reli, wakulima wanalipwa kidogo, nani abomoe? Kubomoa ni gharama, kujenga ni gharama, wakaendelea kuishi mle mle wanaziba matundu. Leo tunaita urithi, wao waliita hali ngumu.

Halafu karne ya 20 watu wa mjini wakaanza kuzitamani. Mfano mzuri ni Henry Ford, yule wa magari. Mwaka 1930 alinunua nyumba inaitwa Rose Cottage kijiji cha Chedworth, jirani tu na Bibury, ikabomolewa jiwe kwa jiwe, yakapewa namba, yakapakiwa yakavuka bahari hadi Dearborn, Michigan kwenye makumbusho yake, na mpaka leo imesimama kule. Inasemekana hata Arlington Row aliitamani aihamishe. Fikiria lile ghala lote lingekuwa Marekani na Bibury pangebaki bata.

Baadaye safu ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika lililoanzishwa 1895, na sheria ya kulinda majengo nayo ikaja ikakaza. Arlington Row iko Gredi I, ndiyo daraja la juu kabisa, England nzima katika majengo yaliyoorodheshwa ni asilimia 2.5 tu yaliyo daraja hilo. Zaidi ya asilimia 90 ni Gredi II. Kimsingi jengo lolote la kabla ya 1700 ambalo limebaki karibu na lilivyokuwa linaingia kwenye orodha.

Na Bishoo, huyo Morris usimcheke bure. Ndiye aliyeanzisha 1877 chama cha kuzuia makanisa na majengo ya zamani yasiharibiwe kwa jina la kukarabatiwa, kiko hai mpaka leo. Bila kelele za watu kama wale Lacock yako unayoisifia ingekuwa na plasta na madirisha ya plastiki.

---

Bishoo_78

Sikatai mkuu. Ila hiyo sheria nayo ina upande wake. Rafiki yangu ana kijumba cha Gredi II huku Wiltshire, siyo cha maana sana, kubadilisha madirisha ya mbele tu aombe kibali, kaambiwa vioo viwili haviruhusiwi, avae sweta. Halmashauri siitaji. Ukifanya kimya kimya ni kosa la jinai, siyo faini ya maegesho. Mnaosema nyumba nzuri nzuri hamlipi bili ya kupasha joto ukuta wa mawe.

---

FundiChokaa

Hapo umesema kweli na nakuongezea la kukukera zaidi. Ukijenga nyumba mpya kabisa shambani VAT ni sifuri. Ukikarabati paa la mwaka 1650 unalipa VAT asilimia 20. Zamani kuna kazi zenye kibali zilisamehewa, mwaka 2012 wakaondoa. Mwenye nyumba akisikia bei ya kigae cha mawe halafu asilimia 20 juu, anaanza kuniuliza kama kuna vya kuigiza vya zege. Vipo. Kwenye majengo ya Gredi I hata usiulize.

Ila kibali chenyewe sikichukii. Wale maafisa wa urithi wa halmashauri kuna wengine wanajua kazi kuliko sisi, anakuja anagusa chokaa kwa kidole gumba anakwambia umewahi kuifunua. Na rafiki yako mwambie aulizie dirisha la pili la ndani, linakaa nyuma ya lile la zamani bila kuligusa, mara nyingi hilo wanalikubali na joto linabaki.

---

MamaKulwa

Nuru mwanangu, mimi nipo Cirencester, ni mlezi wa wazee, Bibury nimewapeleka wazee wa watu wenye magoti mabaya kuliko ya mama yako kwa hiyo sikiliza.

Hawa wanaume wamekuongelesha mawe na VAT, hakuna aliyekwambia kanisa! Kanisa la St Mary's lipo upande ule mwingine wa kijiji, watalii wengi hata hawafiki, wanaishia kwenye safu wanarudi. Ni tulivu na lina mahali pa kukaa. Misingi yake ni ya Wasaksoni, kabla Wanormani hawajaja 1066, halafu kila karne imeongeza kipande chake, ukikaa kwenye benchi unaona tao la mviringo hapa, tao lenye ncha pale. Kuna dirisha la kioo cha rangi la 1927 la msanii Karl Parsons, Royal Mail walilitumia kwenye stempu za Krismasi 1992. Nje makaburini kuna mawe yamechongwa vizuri ajabu, yale ya matajiri wa sufu na biashara, na waridi zikiwa zimechanua mwezi huo wa sita mama atapenda.

Mpango wangu ni huu. Fika saa tatu kasorobo. Anza na Arlington Row kabla watu hawajajaa, taratibu mpaka nyumba ya mwisho, geuka. Simameni kwenye kile kidaraja mwangalie majini, maji yanatoka kwenye chemchemi za mawe ya chokaa kwa hiyo unaona hadi chini, samaki trauti wanakaa wameelekeza vichwa mkondo unakotoka, mkia ndo unacheza tu. Kama anapenda samaki kuna shamba la trauti pale pale karibu na kinu, lipo tangu 1902, unalipa kiingilio unanunua na chakula cha kuwarushia. Halafu gari, mpeleke kanisani, akae.

Saa tano mabasi yakianza mnaondoka zenu Fairford, ufuate mto huo huo wa Coln kwenda chini, kama maili 6. Kanisa la Fairford lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 15 na tajiri wa sufu John Tame na mwanawe akalimalizia, na ndilo kanisa la parokia pekee England lililobaki na vioo vyake vyote vya rangi vya zama zile, madirisha 28. Biblia nzima ukutani kuanzia Adamu na Eva. Dirisha la magharibi ni siku ya hukumu, kuna mashetani mekundu na ya bluu yanabeba watu, mzee wangu mmoja alisimama pale robo saa anatafuta jirani yake. Wakati wa vita ya pili waliyashusha yote wakayaficha, yakarudishwa baadaye. Na ni tambarare, unaegesha karibu.

Lacock fanya siku nyingine, usimchoshe mama siku moja.

---

DerevaM4

MamaKulwa umemaliza. Naongezea tu, kama mna nguvu ya kurudi kwa njia ya Lechlade badala ya A419, mnapita karibu na Kelmscott, kijiji kidogo zaidi cha Mto Thames wenyewe. Pale kuna nyumba ya huyo Morris, ya mwaka 1570 hivi, aliikodi tangu 1871 hadi anakufa na kaburi lake liko kanisani hapo. Hii unaingia ndani. Lakini haifunguliwi kila siku na baridi inafungwa, kwa hiyo kata tiketi mtandaoni kwanza, barabara ya kuingilia ni nyembamba magari mawili hayapishani na huko mbele hakuna pa kugeuzia kirahisi.

---

NuruReading

Ahsanteni sana wote, MamaKulwa shikamoo na nashukuru sana mama, nafuata ratiba yako kama ilivyo, nimechagua jumanne. Kelmscott nimeangalia siku hiyo imefungwa kwa hiyo tutaiacha. Lacock ya Bishoo tumeipangia wiki inayofuata, mama anataka kuona kazi ya huyo Ela.

FundiChokaa swali la mwisho kutoka kwa mama, siyo langu: ule mwaloni wa vigingi hauozi?

---

FundiChokaa

Marahaba kwa niaba 😂 Unaoza, ila polepole, na unaanza kuoza juu ya paa sehemu inayopata unyevu. Ndo maana unaona kigae kimoja kimeteleza peke yake katikati ya paa zima. Jiwe huwa zima kabisa, kigingi ndo kimekatika. Mwambie atazame Arlington Row upande wa nyuma kama ataona kilichoteleza, ila asinitumie picha jumanne, nitakuwa juu ya kiunzi.